Mchukuzi Alipogeuka Akatutazama

Mimi ni mtu wa mdomo. Nasema mapema ili baadaye asiniulize mtu mbona sikunyamaza. Nilizaliwa Kiogoro, katika nyumba ya ndugu wavulana watupu, na ndugu zangu hao walikuwa na kibanda cha michezo ya video kule Daraja Mbili, nyuma ya wauza mitumba. Wasichana wenzangu walipokuwa wakijifunza kusuka, mimi nilikuwa nimekalia kreti ya soda, padi mkononi, nikiwatoa jasho wanaume wazima. Kisha nikaolewa Birongo, kwenye majani chai na ndizi, nikadhani mambo ya michezo yamekwisha.

Kumbe baba mkwe wangu naye alikuwa mchezaji.

Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Sabato, amestaafu kazi ya mitambo katika kiwanda cha chai. Mume wangu alipokuwa shule ya msingi, baba yake alimnunulia mashine ya mchezo, ile ya kuchomeka kwenye runinga, yenye mchezo mmoja tu ndani yake. Kijamaa kifupi chenye gunia mgongoni kinakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kinaruka mashimo, kinaokota matunda. Mzee alikiita Mchukuzi. Mtoto akakua, akaenda chuo, akapata kazi Nakuru, na mzee akabaki na Mchukuzi wake. Jioni akitoka shambani alimkimbiza mpaka chakula kiive, na katika boma lile hakuna aliyethubutu kubadilisha chaneli. Mimi nilikuwa nikimwangalia kutoka mlango wa jikoni na kujizuia kumwambia pale alipokosea, na kujizuia huko, haki ya Mungu, ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchuma chai.

Nilijizuia kwa sababu ya chinsoni. Sisi Wagusii tuna heshima fulani yenye aibu ndani yake, na ndilo jina lake. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, hata wa salamu, hata wa pole msibani. Watu wa mjini wameyalegeza haya mambo, lakini boma letu halikulegeza. Tangu niolewe nimempa mzee chai, uji, mboga ya chinsaga na maji ya kunawa, na kila kitu nimekiweka mezani, nikarudi nyuma, ndipo akakichukua. Sikuona ugumu wowote. Tulipendana hivyohivyo, meza ikiwa katikati.

Kisha kiharusi kikaja. Kilimkuta katikati ya mistari ya chai asubuhi, kikaulaza upande wake wa kushoto. Mguu ulirudi polepole, akaanza kutembea na bakora. Mkono wa kushoto haukurudi. Ulining'inia tu ndani ya mkono wa koti.

Pale hospitalini mjini Kisii kulikuwa na mama wa mazoezi ambaye hakuwa na habari ya kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliushika ule mkono, akaukunja, akaukunjua, kisha akatugeukia mimi na mama mkwe wangu. "Huu mkono umelala, haujakufa," akasema. "Lakini ukizoea kulala, hauamki tena. Mna mpaka mwisho wa mwaka huu. Baada ya hapo sitawadanganya." Akampa mzee mpira mdogo wa kuminya.

Mzee alifika nyumbani akamrushia mbwa ule mpira. Kwa mkono wa kulia. "Mimi si mtoto wa nasari," akasema, na mwezi mzima hakuna aliyemsikia akitaja tena mkono wake.

Mimi ndiye niliyesema kuhusu Mchukuzi. Nilimwambia mama mkwe wangu kwamba mchezo unatumia mikono miwili, kwa hiyo acheze, na mkono utaamka bila yeye kuona kama ni dawa. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa maneno machache, na machache hayo hutua kwa kishindo. Akasema, "Jaribu." Basi tukamwashia, mzee akacheza kila jioni, Mchukuzi akaruka mashimo kama zamani, na sisi huku nyuma tukafurahi sana. Tulipiga hata makofi.

Tuliporudi kliniki, mama wa mazoezi akaupima mkono na kuuliza, "Mlikuwa mnafanyisha mkono gani mazoezi?"

Hapo ndipo nilipojua. Kwa sababu ya chinsoni sikuwahi kukaza macho kwenye mikono ya mzee; nilikuwa nikiangalia runinga. Siku ile jioni nikaangalia. Padi alikuwa ameilaza mezani kama ubao wa kukatia sukuma wiki, na mkono wa kulia ndio uliofanya yote, kidole kimoja kwenye mshale wa kwenda mbele na gumba kwenye kitufe cha kuruka. Mchezo ule haukudai zaidi. Barabara ilikuwa moja, inaenda kulia, basi. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya blanketi, umelala fofofo, na miezi ilikuwa inakwenda. Nilikasirika mpaka nikamwaga uji. Nilimkasirikia mzee, nikajikasirikia mimi, halafu nikakikasirikia kile kijamaa na gunia lake.

Radi ya kwetu haibishi hodi. Ilipiga mchana mmoja wa mvua, ikachoma mashine na runinga pamoja, ikaacha harufu ya mpira ulioungua sebuleni. Mzee alikaa akiuangalia ule weusi ukutani kama mtu aliyefiwa. Mimi, Mungu anisamehe, niliishukuru ile radi.

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi alileta runinga nyingine na mashine ambayo si mpya lakini ilikuwa ya kisasa. Mchezo wa Mchukuzi alikuwa ameupata pia, ila si ule. Huko duniani walikuwa wameshautoa kwenye ubapa wake zamani, wakaupa pande tatu; kwetu ndiyo kwanza unafika. Aliichomeka sebuleni kwa baba yake, maana mzee asingeweza kuja kwetu, na sisi sote tukakaa.

Picha ikafunguka. Gunia lilikuwa lilelile, kofia ileile, lakini Mchukuzi sasa alikuwa na mgongo. Alikuwa amesimama ndani ya nchi nzima, vilima mbele, bonde pembeni, njia zinakwenda kila upande, na sisi tuko nyuma yake tunaangalia kisogo. Mume wangu akasukuma kijiti kwenye padi, nchi ikazunguka, na Mchukuzi akageuka akatutazama.

"Kumbe ana uso," mzee akasema kwa sauti ndogo. Miaka yote ile alikuwa amemwona kwa ubavu tu.

Nchi ikaendelea kuzunguka. Mzee akakamata mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima, akafumba macho. "Zima. Kichwa kinanizunguka. Huu si mchezo. Wamechukua barabara wakaifanya msitu. Mtu atajuaje pa kwenda?"

"Unaenda popote, Baba," mume wangu akamwambia.

"Popote si mahali."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiiangalia padi. Kijiti cha kumwendesha Mchukuzi kilikuwa upande wa kushoto, chini ya gumba la kushoto. Upande wa kulia kulikuwa na kuruka, na kijiti kingine cha kugeuza macho. Bila mkono wa kushoto Mchukuzi hachukui hata hatua moja. Mzee aliujaribu ujanja wake wa zamani siku ileile, akailaza padi mezani na kuutandaza mkono wa kulia. Mchukuzi akazunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kambani, kisha akatumbukia bondeni. Mama mkwe wangu, akipita na karai la mboga, akasema, "Mkono mmoja hauchinji ng'ombe," akaendelea zake jikoni.

Mume wangu akarudi Nakuru, akatuachia sisi watatu kazi ile. Mimi ndiye niliyeujua mchezo lakini sikuweza kumgusa mzee. Mama mkwe aliweza kumgusa lakini hakujua lolote kuhusu padi. Tukawa tunafanya hivi: mimi nakaa kwenye stuli upande wa pili wa meza na kusema, Mama anauweka mkono wa mumewe mahali, mzee anacheza na kulalamika.

"Mama, gumba lake liweke juu ya kile kiuyoga cheusi."

"Kipi? Viko viwili."

"Cha kushoto."

"Kushoto kwangu ama kwake?"

"Mnakaa upande mmoja, Mama."

"Na wewe usinijibu hivyo, sikuenda shule ya michezo." Akaliweka gumba. Gumba likakaa kidogo, likateleza likaanguka. Akaliweka tena. Vidole vyake yeye vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, na alikuwa amechoka, na ng'ombe hajakamuliwa bado.

Siku nyingine alichana ukanda wa leso kuukuu akalifunga gumba juu ya kijiti. Mchukuzi akatembea. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Lakini mimi niliona anachofanya: gumba halikusukuma chochote. Alikuwa anauegemeza mwili wote, bega na kiuno, na kile kijiti kinafuata bega. Mchukuzi akikata kushoto, mzee naye anainama kushoto mpaka kiti kinalia.

"Fungua hiyo leso, Mama," nikasema. "Hapo ni bega linacheza."

"Mwache afurahi."

"Hatukukubaliana afurahi. Tulikubaliana mkono uamke."

Akafungua, lakini alikaa siku nzima bila kunisemesha.

Mambo yakaanza kutoka nje. Jirani mmoja alikuja kuomba chumvi akanikuta nimeinama juu ya meza, namwonyesha mzee kitufe kwa ncha ya mwiko, uso wangu karibu na mikono yake. Alichukua chumvi akaenda, na Sabato iliyofuata wanawake walihama kidogo kwenye benchi nilipokaa. Mama mkwe aliliona hilo. Tulipofika nyumbani akafunga mlango wa jikoni.

"Kaa mbali na ile meza," akaniambia. "Siku moja utajisahau, umshike. Mimi nitawaambia watu nini?"

"Waambie mkono ulikuwa umelala."

"Wewe umetoka kwa watu wa sokoni. Hapa ni boma."

Nilinyamaza. Mimi, mtu wa mdomo, nilinyamaza, kwa sababu lile neno lilinichoma hasa. Nilikata mboga mpaka nikajikata kidole, na yeye akanifunga kile kidole kwa kitambaa bila kusema pole. Sikumchukia. Nilijua anaogopa vitu viwili kwa mpigo, na cha pili kilikuwa kuwa na mume wa mkono mmoja katika shamba la majani chai.

Tukaenda kliniki tena. "Bado," mama wa mazoezi akasema. Alilikunja gumba, akalisubiri, halikujibu. "Nitawaona tena kabla ya Krismasi. Hiyo ndiyo ya mwisho ya mwaka." Ndani ya gari la kurudi mzee aliangalia dirishani njia nzima.

Baada ya hapo akaisukuma padi kando. Nilimwashia jioni, akasema hataki. Nilimwashia kesho yake, akanyanyuka akaenda kulala. Mchukuzi alikuwa amebaki pale alipomwacha, mwanzo wa daraja la magogo juu ya bonde, anahema na kujikuna kofia kama wanavyofanya watu wa kwenye michezo wakimngojea mchezaji. Siku ya tatu uvumilivu ukaniisha. Nilimgeuzia mzee ubavu, kwa heshima, nikiongea na ukuta.

"Baba, Mchukuzi amesimama pale darajani tangu majuzi. Anakungoja."

"Mwambie aende kwa miguu yake."

"Miguu yake ni gumba lako."

"Gumba langu limekufa."

"Limelala."

"Yaya," akasema, yaani hapana, na kwa Ekegusii alivyoisema ilikuwa kama mlango uliofungwa. "Wewe mtoto una kichwa kigumu. Niache nizeeke."

Nililia siku ile nikikamua ng'ombe. Nilimpenda yule mzee, sioni haya kusema. Baba yangu mwenyewe hakuwahi kuniambia nina kichwa kigumu kwa sauti nzuri namna ile.

Wiki ya kliniki ikafika. Ilikuwa alasiri, mvua imeanza kupiga mabati, na mama mkwe alikuwa kituo cha kupimia chai na kikapu chake, akingoja lori ambalo siku za matope huja likipenda. Tulibaki wawili, mzee sebuleni na mimi jikoni. Nikasikia akiita.

"Mkaza mwana. Niwashie."

Nilipangusa mikono, nikawasha, nikaiweka padi mezani, nikarudi kwenye stuli yangu upande wa pili. Aliunyanyua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaulaza juu ya padi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto asiyetaka kumwamsha. Hakutaka leso. Aliliweka gumba juu ya kijiti mwenyewe. Likateleza. Akaliweka tena, na safari hii likakaa.

Daraja lilikuwa magogo mawili tu, halina pa kushika, na katikati lilijikunja kwenda kushoto. Chini hakuna kitu ila ukungu. Mchukuzi akachukua hatua moja, akasimama. Nikaacha kuangalia runinga. Chinsoni au la, nikayakaza macho kwenye gumba la mzee. Lilikuwa linatetemeka. Je, ni lenyewe ama ni bega? Sikuweza kujua, na nilitaka kujua kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Hatua nyingine. Jasho lilimtoka mzee kwenye paji la uso, na mvua ilikuwa imekuwa nyingi hata sikusikia muziki wa mchezo.

"Geuza macho, Baba," nikasema. "Kulia kwako, kidogo tu."

Akageuza. Nchi ikazunguka, daraja likajikunja, na mzee akajikunja nalo. Aliinama kushoto kama siku za leso, lakini safari hii aliinama zaidi, kwa sababu alikuwa amesahau mwili wake, alikuwa yuko kule darajani. Kiti kikanyanyua miguu ya upande mmoja. Kushoto kwake palikuwa na ngazi ya saruji ya kushukia jikoni, ukingo wake umekatika na una ncha. Upande wake ule haukuwa na nguvu ya kujizuia. Nilimwona anakwenda.

Na miguu yangu ikagoma. Haikuwa woga. Ni miaka yote ile ya kuweka sahani na kurudi nyuma. Mwili ulikuwa umefundishwa kwamba ng'ambo ya ile meza si kwangu, na mwili haukusubiri kuniuliza. Pengine haikufika hata pumzi moja. Kwangu mimi ilikuwa ndefu mno, kwa sababu uso wake ulikuwa umenigeukia, na aliona nimesita, na aliona ni kwa nini.

Nikaipiga meza teke. Nikaruka, nikaukamata mkono uliokuwa karibu, na uliokuwa karibu ni ule wa kushoto. Niliuvuta kwa nguvu zangu zote, kiti kikalia, kikarudi kwa miguu yake minne, na mzee akaketi wima akihema. Padi ilikuwa chini. Kwenye runinga Mchukuzi alikuwa anaanguka ndani ya ukungu, gunia juu miguu juu.

Ndipo nikahisi. Kwanza nilidhani ni damu yangu mwenyewe inavyopiga. Kisha ikaja tena: vidole vinne vikavu vinafunga juu ya vidole vyangu, na gumba linatafuta mahali pa kukaa. Vikalegea kidogo. Vikakaza tena. Mzee alikuwa anauangalia ule mkono, mdomo wazi, hapumui, kama ni mkono wa mtu mwingine ulioingia ndani ya koti lake.

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe wangu alisimama pale, maji yanamtiririka, kikapu kitupu mgongoni, akaona meza iliyolala ubavu, akatuona sisi. Akafunga mlango nyuma yake haraka kwa kisigino.

"Mwachie," akasema kwa sauti ya chini. "Mwachie mkono baba yako, mwanamke wewe, kabla hajaingia mtu."

Nikavinyoosha vidole vyangu vyote vitano, wazi kabisa, mpaka avione.

"Mama," nikamwambia, "mimi nimeshaachia. Ni yeye."